Daktari wa Alhamisi

Nyumba ya akina Odegaard ilikuwa nyumba ya raha, jamani, tusifichane. Jumapili ile ya Julai, mwaka 1996, ungepita mtaa wao pale Burbank ungesikia vicheko tangu kwenye kona. Corinne alikuwa uani anageuza kuku juu ya jiko la mkaa. Mama yake, Bi Verna, aliyekuja kutoka Nebraska kukaa nao majira ya joto, alikuwa kivulini na bilauri ya chai ya barafu. Na Russell, mume wa Corinne, alikuwa ndani ya bwawa anaimba, na sauti yenyewe Mungu amsamehe.

Lakini alikuwa na haki ya kuimba. Miaka kumi na mmoja mtu huyu alihangaika kutafuta kazi ya uigizaji. Alicheza maiti mara tatu, mwizi wa magari mara tano, na safari moja alikuwa mkono tu, mkono unaofunga mlango, uso haukuonekana kabisa. Muda wote huo Corinne ndiye aliyelisha nyumba kwa kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno. Halafu siku moja simu ikalia: Russell amepata kuwa Daktari Whitlow, bingwa wa upasuaji katika tamthilia ya "Wodi ya Saba". Siku hiyo Corinne alipiga kelele mpaka jirani akaja na rungu akidhani kuna mwizi.

Sasa ilikuwa misimu minne imepita. Kila Alhamisi nchi nzima ilikaa kitako kumwangalia Daktari Whitlow akifungua vifua na kuvifunga. Na Alhamisi ya wiki hiyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, majina ya waigizaji watakaowania tuzo kubwa ya televisheni yangesomwa hewani. Kila mtu mjini alisema jina la Russell halikosi. Ndiyo maana aliimba.

"Daktari!" Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Bwana Lopresti, jirani, alikuwa ameinua bahasha kubwa. "Hebu nitazamie picha ya goti langu!"

Russell alitoka majini akichuruzika, akaichukua ile picha ya eksirei, akaielekeza kwenye jua, akakunja uso. Uso ule! Ule ule wa Alhamisi.

"Gegedu limechoka," alisema taratibu. "Barafu asubuhi na jioni. Na usipande ngazi."

"Mungu akubariki, Daktari."

Sasa nisikilizeni vizuri, ndugu zangu, maana maradhi ya nyumba hii hayakuanza na pombe wala kamari. Yalianza na heshima. Msimu wa kwanza watu walimfuata Russell dukani na chupa zao za vidonge, naye akacheka, akawaambia, "Ndugu yangu, mimi mwigizaji tu, hata damu nikiiona naogopa." Msimu wa pili akacheka kidogo. Msimu wa tatu akaanza kujibu. Na balaa ni kwamba safari moja alipatia. Alimwambia huyu huyu Lopresti, "Hilo baka shingoni mwako silipendi, nenda ukalikate," kwa sababu wiki hiyo walikuwa wamerekodi kisa cha baka. Lopresti akaenda, wakalikata, wakakuta kweli ni baya. Basi! Mtaa mzima ukajua. Lopresti alilia mbele za watu, akamkumbatia, akamwita mwokozi wake. Tangu hapo kichwa cha Russell kilivimba, hata kofia zake za zamani hazikumwingia.

Na Corinne? Msikimbilie kumwonea huruma. Alilijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Alijua mumewe alifeli sayansi shuleni. Lakini kwenye duka la nyama walimwita Bi Daktari, wakampisha kwenye foleni, na hakuna hata siku moja aliyowasahihisha. Tamu, jamani. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kujibu simu za watu wenye meno mabovu, ilikuwa tamu mno.

Walipokaa kula, Bi Verna aliuma kuku mara moja tu, akaweka chini, akajishika taya.

"Vipi, Mama?" Corinne aliuliza.

"Taya hili linanivuta. Linaanzia hapa linashuka begani. Na nimechoka, mwanangu, utadhani nimevuna shamba zima peke yangu."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili hivi. Msiniangalie hivyo bwana, mimi daktari wangu ninaye hapa hapa mezani."

Russell alishaondoka kwenye kiti. Aliingia ndani akatoka na kile kipimo cha kusikilizia moyo, kile Whitlow anachovaa shingoni, kwani alikuwa ana tabia ya kuja nacho nyumbani. Akapiga goti mbele ya mama mkwe wake, akamwekea kifuani, akafumba macho. Uani pakawa kimya. Corinne alimtazama mumewe na moyo wake ukajaa fahari, nasema kweli, machozi yalimlenga.

"Mama," alisema Russell, akifumbua macho, "moyo wako ni wa msichana. Umebanwa na misuli ya shingo, kwa ile safari ndefu ya basi. Nitakupa kidonge cha maumivu na kitambaa cha moto."

"Si niliwaambia?" Bi Verna alicheka, akamshika shavu. "Kule kwetu ningelipanga foleni kutwa nzima nimsikilize kijana asiyejua hata kunitazama usoni."

Ikapita hivyo. Kuku akaliwa.

Jumanne Russell aliwachukua wote wawili studio wakaone anavyofanya kazi, maana msimu wa tano ulikuwa unaanza kurekodiwa. Loo, Bi Verna alifurahi huyo! Alivaa gauni lake la kanisani. Aliona chumba cha upasuaji chenye kuta tatu, ya nne haipo, pale walipo watu wa kamera. Aliona damu inayochanganywa ndani ya ndoo. Kila fundi aliyepita alimwambia, "Yule ni mkwe wangu."

Russell alimwinamia mgonjwa bandia wa mpira, akaunyoosha mkono wake kando, kiganja juu, bila kutazama, na muuguzi wa kuigiza akamtilia mkasi mkononi. Akatamka yale maneno marefu bila kujikwaa hata moja. Mwongozaji akasema, "Safi! Tupumzike."

Hapo akasogea mama mmoja mfupi, mnene kidogo, amevaa sweta ingawa nje jua linachoma. Alikuwa Imelda Bautista. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya uuguzi wa kweli katika wodi ya moyo, na sasa studio ilimwajiri awaonyeshe waigizaji jinsi ya kushika vitu.

"Bwana Russell, huo mkasi unaushika kama wa kukatia vitambaa. Kidole hiki hapa. Angekuwa mtu wa kweli huyu, tungekuwa tunamlilia sasa hivi."

Watu wakacheka. Russell naye akacheka, ila masikio yalimwiva.

Bi Verna alichukia. "Huyu naye nani, wa kumfundisha daktari kazi yake?" alimnong'oneza Corinne, akainuka ili aondoke. Palikuwa na ngazi nne tu za mbao. Nne! Alipofika ya tatu alisimama akashika ukuta, akajishika na taya, na kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo, licha ya baridi yote ya viyoyozi vya studio.

Imelda aliona. Hakusema neno kwa yule mzee. Alimsubiri akae, akamvuta Corinne kando nyuma ya mapazia.

"Dada, mama yako mpeleke hospitali. Leo."

"Aa, ni misuli tu. Russell amempima."

"Amempima na nini?"

"Na kile kipimo chake."

Imelda alianza kucheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. "Kile cha humu studio? Dada yangu, kile kimezibwa. Fundi wa vifaa alijaza sifongo kwenye ule mpira zamani, kwa sababu kilikuwa kinakwaruza vinasa sauti. Ukikivaa husikii kitu. Huwezi kusikia hata treni."



"Wanawake moyo hautuumi kama wanavyoigiza wanaume, kukamata kifua na kuanguka," Imelda aliendelea, sasa anasema haraka haraka. "Sisi tunaumwa taya. Bega. Uchovu. Tunasema ni gesi, tunaosha vyombo. Nimewafunika shuka wengi waliosema ni gesi. Nakuomba, dada. Leo."

Ndugu zangu, mpaka hapo Corinne alikuwa ameambiwa. Hawezi kusema hakuambiwa. Na tumpe haki yake: aliporudi nyumbani alipiga simu kliniki moja, wakamwambia njoo kesho Jumatano saa tisa alasiri. Halafu akamkabili mumewe jikoni.

"Russell. Kile kipimo kimezibwa sifongo. Ulisikia nini kifuani kwa Mama?"

Russell akajibu, "Nilisikia kimya."

"Kimya?"

"Kimya kizuri. Miaka minne nakiweka kwenye vifua vya watu, husikika kimya. Mimi nikajua moyo usio na shida haupigi kelele."

"Mungu wangu!" Corinne aliduwaa. Alitaka kucheka, alitaka kumpiga na sufuria. Angefanya lolote kati ya hayo, mambo yangekuwa mengine. Lakini simu ikalia. Ilikuwa kituo cha televisheni cha mjini: wanataka kuja kesho saa tisa kuipiga picha familia ya Daktari Whitlow ikijiandaa, na warudi Alhamisi alfajiri wakati jina likisomwa. Russell alishika mkono wa mkewe, macho yanamwaka kama taa.

"Saa tisa, Corinne! Familia nzima! Unaelewa maana yake? Miaka kumi na mmoja!"

"Saa tisa ni ahadi ya Mama kliniki."

Bi Verna alikuwa amesimama mlangoni, kumbe amesikia. "Kliniki ya nini? Nikose kuonekana kwenye televisheni na mkwe wangu nikakae na wagonjwa? Wee Corinne, hebu niache. Daktari amesema ni misuli."

Corinne alimtazama mumewe, akamngoja aseme. Neno moja tu lilitakiwa: mama, mimi si daktari. Russell alimtazama yule mzee, akaona anavyomtazama, akasema kwa ile sauti nzito ya Alhamisi, "Jumatatu pia si mbali."

Na Corinne akainua simu kwa mkono wake mwenyewe, akaihamisha ahadi hadi Jumatatu.

Jumatano wapiga picha walikuja, Bi Verna akacheka mbele ya kamera, akasema yeye hana haja ya bima ya afya. Watu wote walicheka. Corinne naye alicheka.

Alhamisi alfajiri nyumba ilifurika. Majirani, waigizaji wenzake Russell, wapiga picha wawili na mtangazaji wao mwenye nywele zisizotikisika, na Imelda pia, maana Russell alialika kila mtu wa kazini. Mayai yalikaangwa, keki zikakatwa, juisi ya machungwa ikamwagika zuliani na hakuna aliyejali. Lopresti alikuja na fimbo yake na kofia aliyoandika "Jirani wa Daktari". Vijana walikuwa wanahesabu dakika kwa kelele. "Nne! Tatu!" Kwenye runinga wasomaji wawili walipanda jukwaani na karatasi zao.

"Nyamazeni! Nyamazeni, sasa!"

Corinne alikuwa amemshika mumewe mkono. Alitamani jina hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu. Akageuka amwite mama yake aje asimame karibu. Mama hayupo.

Jikoni kitu kikaanguka, sahani zikafuata.

Bi Verna alikuwa sakafuni kati ya mayai na vipande vya sahani, rangi ya uso wake rangi ya majivu, mdomo wazi. Corinne alipiga ukelele ambao sitaki kuueleza. Watu wakajaa mlangoni. Mtangazaji, akiwa bado na kipaza sauti mkononi, akasema kwa nguvu, "Msiogope! Msiogope, Daktari Whitlow yupo!"

Na wote, jamani, wote wakamgeukia Russell. Wakampisha njia. Lopresti akamsukuma mgongoni. "Fanya haraka, Daktari!"

Russell akapiga goti. Uso ukaja wenyewe, ule uso. Akamtazama mama mkwe wake. Kisha akaunyoosha mkono wake kando, kiganja juu, bila kutazama.

Mkono ukabaki pale pale hewani. Hakuna aliyeutilia kitu. Corinne aliutazama mkono ule mtupu wa mumewe unasubiri, sekunde moja, mbili, tano, na mama yake hapumui.

"Russell," alisema. "Russell!"

 Russell akasema, kwa sauti nyembamba ya mtoto, si ya Alhamisi hata kidogo, "Mimi si daktari. Jamani, mimi si daktari. Mwiteni mtu."

"Sogea!" Imelda alipenya kati ya watu, akamkumba kwa bega mpaka akaangukia kabati. Alimgusa mzee shingoni, akaweka viganja viwili katikati ya kifua, akaanza kukandamiza kwa uzito wake wote. "Wewe mwenye kofia, ita gari la wagonjwa! Wewe, fungua mlango wa mbele! Zimeni hiyo kamera, hamna haya? Corinne, niitie mama yako jina lake, usiache!"

"Mama! Mama! Verna Tillotson, usiniache, Mama!"

Sebuleni hapakuwa na mtu. Pale kwenye runinga, mbele ya makochi matupu, msomaji alikuwa anatamka jina la Russell Odegaard, na watu wa ndani ya runinga wanapiga makofi na vigelegele. Hakuna aliyesikia. Walikuja kujua siku iliyofuata, kwenye gazeti.

Imelda alikandamiza dakika saba. Alipochoka alimwonyesha Corinne namna ya kukandamiza, kisha akampokea tena. Gari la wagonjwa likaja likipiga king'ora, wahudumu wake wakamtegea mzee mashine, wakampiga mshtuko wa umeme mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, na Bi Verna akavuta pumzi ndefu ya kukoroma. Nyumba nzima ikalia kwa furaha! Lopresti alilia mpaka kofia ikamdondoka.

Aliishi, lakini moyo wake wa zamani hawakumrudishia. Sehemu kubwa ilikuwa imeshakufa wakati watu wakisubiri Jumatatu. Hadi leo hawezi kuvuka ua bila kukaa njiani mara mbili, na Nebraska hakurudi tena.

Siku ya tano hospitalini alifumbua macho vizuri. Kando ya kitanda chake alisimama daktari wake, binti mdogo aitwaye Yoon, nywele amezifunga kwa mpira wa kufungia karatasi, sauti ya chini, kila sentensi ya tatu anasema, "Hilo bado sijui, Mama, mpaka tupime tena." Bi Verna alimtazama juu hadi chini. Yule binti alipotoka, Bi Verna akamgeukia Russell aliyekuwa amekaa kona, hajanyoa siku tano.

"Huyu ndiye daktari? Hata kuongea hajui. Hebu wewe mkwe wangu, niambie. Nitapona?"

Corinne aliacha alichokuwa anakifanya. Alimtazama mumewe, na safari hii hakumngoja kwa matumaini. Alikuwa tayari kusema mwenyewe.

Russell alisogeza kiti, akamshika mama mkwe wake mkono. "Mama, mimi maneno yale huwa naandikiwa na watu. Napewa karatasi Jumatatu, nakariri. Ndiyo maana sijikwai. Huyu binti haandikiwi, anakuangalia wewe. Nilikudanganya, Mama. Nilikusikiliza moyo na sikusikia kitu, nikasema ni wa msichana." Hapo akalia, bila kamera, kwa kamasi na aibu, kilio kibaya.

 Bi Verna akautoa mkono wake kwenye mkono wa Russell.

"Corinne," alisema, "kaniitie yule binti arudi."

TUONDOKE NA NINI KATIKA NYUMBA HII

Ndugu zangu, msiseme hayo ni mambo ya Wamarekani na televisheni yao. Kila mtaa una Daktari wake wa Alhamisi. Yuko jirani anayetoa dawa kwa sababu safari moja alipatia. Yuko mwenye sauti nzuri anayewaambia watu waache vidonge vyao. Umaarufu wa mtu si elimu yake, na sauti nzito haiponyi. Wewe unayesifiwa kwa kitu usichokijua, sema mapema, "Mimi sijui," kabla hujasukumwa mbele ya mtu anayekata roho.

Na funzo kubwa zaidi ni la Corinne, maana wengi wetu tunafanana zaidi na yeye kuliko na Russell. Yeye alijua. Aliambiwa waziwazi, na akahamisha ahadi kwa mkono wake, kwa sababu uongo ule ulimpa heshima mtaani. Ukimpenda mtu wako, mwambie ukweli siku anapopigiwa makofi. Na mzazi wako akikwambia taya linamvuta na amechoka bila sababu, acha kuku motoni, acha wageni, acha na televisheni, mpeleke kwa daktari aliyesomea. Mpeleke leo, Jumatatu ni mbali.